Jibu na Dalili Yake: Namna ya Kukabili Ufahamu wa Kiingereza kwenye KCSE

Kwa mtahiniwa wa Lamu, Kiswahili kizuri chaweza kugeuka mtego. Tangu KCSE (mtihani wa kumaliza kidato cha nne nchini Kenya) ya 2023, daraja la wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja kati ya Kiingereza, Kiswahili na Lugha ya Ishara, kisha masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vyema zaidi. Wapo waliolisikia hilo wakaona basi, Kiswahili kitawavusha, Kiingereza kikae kando. Hesabu hiyo haitimii. Biolojia, Jiografia, Historia na Biashara zote huulizwa kwa Kiingereza, na anayeshindwa kutofautisha "state" na "explain" hupoteza alama huko pia, hata kama somo lenyewe analijua. Ukishapata C+ na kuitwa chuo kikuu kupitia KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, mihadhara na vitabu vya kozi nyingi vinakungoja kwa Kiingereza hicho hicho.

Habari njema ni kwamba ufahamu ni fani inayofundishika. Mwanafunzi wa kidato cha nne mwenye msamiati wa wastani anaweza kupanda kutoka alama 8 hadi 14 au 15 kati ya 20 akirekebisha namna anavyosoma na anavyojibu.

Karatasi yenyewe

Ufahamu ni swali la kwanza la karatasi ya pili ya Kiingereza, yaani 101/2. Karatasi ina alama 80 na muda wa saa mbili na nusu: ufahamu 20, dondoo kutoka kitabu teule 25, shairi au fasihi simulizi 20, sarufi 15. Gawanya dakika 150 kwa alama 80 utaona kila alama imepewa chini kidogo ya dakika mbili. Ufahamu basi una dakika 37. Anayeutumia saa nzima atalipia kwenye sarufi, ambako alama ni za haraka na huwa ndiko mwisho wa karatasi.

Zigawanye hizo 37 hivi: dakika 6 kusoma kifungu mara ya kwanza, 3 kusoma maswali, 6 kusoma tena ukiwa na penseli, 18 kuandika, 4 kukagua. Mwanzoni zitakubana. Zifanyie mazoezi na saa mezani tangu muhula wa pili, usizingojee Novemba.

Dalili kwanza

Aliyepita madrasa anajua kwamba hukumu haitolewi bila dalili. Mwalimu akiuliza, huwezi kusema "nadhani". Waonyesha imetoka wapi. Ufahamu wa Kiingereza unataka jambo hilo hilo, na ndiyo kanuni inayobeba kila kitu kilichomo humu: kila jibu lina mstari wake ndani ya kifungu, na kabla hujaandika chochote lazima uweze kuuwekea kidole mstari huo.

Kanuni hii huvunjwa zaidi pale kifungu kinapozungumzia jambo unalolijua. Kikija kifungu kuhusu uvuvi, mikoko, punda au utalii, mwanafunzi wa Shela au Matondoni hujibu kutoka kichwani mwake. Anayoyasema huwa kweli, lakini hayamo kwenye kifungu, na mtahini hana pa kumpa alama. Ukiona mada unaijua, ongeza uangalifu.

Soma kifungu kwanza, maswali baadaye

Wengi hushauriwa waanze na maswali. Sisi twapendekeza kinyume chake. Anayeanza na maswali husoma akiwinda maneno. Akiona neno la kwenye swali limetokea kwenye aya, anainua sentensi nzima na kuinakili. Watunga mitihani wanajua tabia hiyo, na mara nyingi neno hilo huwekwa mahali ambapo jibu halipo.

Mara ya kwanza soma moja kwa moja hadi mwisho, penseli chini. Ukikutana na neno gumu lipite. Unatafuta mambo mawili tu: kifungu kinazungumzia nini, na mwandishi yuko upande gani. Ukimaliza, jiambie kwa sentensi moja ya Kiswahili kifungu kimesema nini. Ikiwa huwezi, rudia aya ya kwanza na ya mwisho kabla ya kugusa maswali.

Mara ya pili, baada ya kuyaona maswali, andika namba pembeni ya kila aya, zungushia duara viunganishi vinavyogeuza mwelekeo ("but", "yet", "however", "although", "instead", "despite"), na weka namba ya swali pale unapoona dalili yake. Usipige mistari chini ya kila kitu. Ukurasa uliopigwa mistari yote hauonyeshi chochote.

Mfano wa kufanyia kazi

Kifungu hiki tumekitunga kwa ajili ya zoezi. Ni kifupi kuliko cha mtihani, lakini mitego yake ni ile ile. Kisome mara mbili kabla ya kuendelea.

"When the donkey was the only means of carrying sand through the narrow streets of Lamu, few owners could afford to neglect it. A lame animal meant an empty pot. Today, motorcycles roar at the edges of the town, and some young men argue that the donkey has had its day. Yet no motorcycle can squeeze between two walls a metre apart with a load on either side. The donkey needs no petrol. It finds its own way home at dusk. And, when the tide delays the boats, it waits without complaint. The old masons know this. Although they own telephones and watch football every weekend, they still keep a donkey behind the house. What troubles them is not the engine but the son who has never learnt to trim a hoof."

Swali la kwanza: "Why could few owners afford to neglect the donkey in the past? (2 marks)". Alama mbili kwa kawaida zina maana ya hoja mbili. Ya kwanza ni rahisi kuonekana: punda ndiye aliyekuwa njia pekee ya kubeba mchanga. Ya pili imo kwenye sentensi inayofuata, nayo imefichwa kwa tamathali: punda akichechemea, chungu ni kitupu, yaani familia haina chakula. Jibu kamili: "It was the only means of transporting sand, and if it was injured the owner's family would have nothing to eat." Anayeandika "because a lame animal meant an empty pot" amenakili tamathali bila kuonyesha kwamba ameielewa. Hiyo ndiyo njia ya kawaida ya kupoteza alama ya pili.

Tazama pia neno "afford". Mwanafunzi anayelijua kwa maana ya kumudu bei atafikiri wenye punda hawakuwa na pesa. Hapa linasema hawakuthubutu, kwa kuwa hasara ingekuwa kubwa.

Swali la pili: "What do the old masons fear? (1 mark)". Wengi wataandika "the engine", kwa sababu neno hilo limekaa karibu na "troubles". Lakini sentensi imejengwa kwa "not ... but", na kinachoogopwa kiko baada ya "but". Tena usiishie kwenye "the son": mtoto mwenyewe haogopwi. Linaloogopwa ni kwamba vijana hawajifunzi kumtunza punda: "That the young generation is not learning how to look after donkeys." Kupunguza kwato ni mfano wa utunzaji wote, na swali la aina hii hukutaka uvuke kutoka mfano hadi jambo lenyewe.

Swali la tatu: "What is the writer's attitude towards the donkey? Illustrate your answer. (2 marks)". Alama moja ni ya kutaja mtazamo, ya pili ni ya dalili. "Good" na "bad" si majina ya mtazamo, na "positive" pekee ni jibu dhaifu. Andika "The writer is appreciative of the donkey", au "admiring", kisha: "He says that it waits without complaint." Jifunze maneno kumi na mawili ya mtazamo na toni uyajue vizuri badala ya kukariri arobaini: "appreciative", "admiring", "critical", "disapproving", "sympathetic", "concerned", "sarcastic", "bitter", "nostalgic", "optimistic", "resigned", "indifferent". Kila moja litungie sentensi yako.

Swali la nne: "Identify and explain one irony in the passage. (2 marks)". Kinaya huhitaji pande mbili, lililotarajiwa na lililotokea, na jibu lenye upande mmoja hupata nusu au halipati kitu. Fomula ni hii: "It is ironical that although the masons own modern things such as telephones, they still rely on the donkey for transport."

Mahali Kiswahili kinapotudanganya

Hapa ndipo pa kukaa zaidi, kwa kuwa makosa haya hayatokani na uvivu. Mwanafunzi anasoma kwa bidii, anatafsiri kila neno sawasawa, halafu maana ya sentensi inamponyoka.

Anza na "few" na "a few". "A few owners neglected it" ina maana wapo wachache waliompuuza. "Few owners neglected it" ina maana karibu hakuna. Sentensi imebeba ukanushi ingawa huoni "not". Hivyo hivyo "little" na "a little". Jambo hili hurudi kwenye sarufi: ukiambiwa uongeze kiulizi mwishoni mwa sentensi ya kwanza ya kifungu chetu, jibu ni "could they?" wala si "couldn't they?", kwa sababu "few" tayari ni kanushi.

Ukanushi mwingine uliofichika umo ndani ya "hardly", "scarcely", "seldom", "unless", "too" na "fail to". "The water was too shallow for the boat to enter" maana yake mashua haikuingia. Hakuna "not" popote, na mwanafunzi anayesoma haraka huandika kwamba mashua iliingia penye maji machache. "He did not speak until they landed at Mokowe" inasema alizungumza, ila baada ya kushuka. "He had hardly tied the rope when the wind rose" haihusiani na ugumu wa kamba: upepo ulivuma mara tu alipoifunga.

Kisha vitenzi visaidizi vya wakati uliopita. "The captain could have waited for the tide": hakungoja. "The captain should have waited": hakungoja, na mwandishi anamlaumu. "The captain must have waited": mwandishi hakuona, lakini ana uhakika kwamba alingoja. Sentensi tatu zafanana, maana zatofautiana kabisa, na swali la "What shows that the captain was careless?" laweza kutegemea neno moja tu kati ya hayo. Ziandike kwenye daftari na utunge tatu zako kila wiki hadi zikae.

Kiswahili hakitenganishi mume na mke kwenye viwakilishi, kwa hiyo jicho letu limezoea kupita juu ya "he" na "she" bila kuvitilia maanani. Kwenye kifungu chenye watu watatu hilo ni hatari. Katika usomaji wa pili chora mshale kutoka kila "he", "she", "it", "they" na "this" hadi kwenye nomino inayowakilishwa, walau kwenye aya ngumu. Fanya hivyo pia kwa "the former" na "the latter": cha kwanza kutajwa na cha mwisho kutajwa, kwa utaratibu huo. Na ukijibu, anza na jina, usianze na kiwakilishi. "He was angry" haimwambii mtahini ni nani.

Wakati wa "had" uliotangulia kitenzi unapanga matukio. "When the police arrived, the boat left" na "When the police arrived, the boat had left" ni visa viwili: kwenye cha pili polisi hawakuikuta mashua. Maswali ya "what happened first" hukaa hapo.

Mwisho, "ingawa ... lakini". Kiswahili kinaruhusu, Kiingereza hakiruhusu. Ukiandika "Although they own telephones, but they keep donkeys" umeharibu sentensi yenye hoja sahihi, na kosa la sarufi ndani ya jibu la ufahamu laweza kukukata sehemu ya alama uliyokwisha kuipata. Chagua kimoja.

Maana ya maneno kama yalivyotumika

Swali hili huja karibu kila mwaka, mara nyingi maneno matatu kwa alama tatu. Kipimo chake ni kubadilisha: toa neno la kwenye kifungu, weka maana yako mahali pake, usome sentensi nzima. Ikisomeka bila kubadilika maana, umepata. "Neglect" ukiweka "fail to take care of" sentensi yasimama. Ukiweka "carelessness" inavunjika, kwa sababu umeweka nomino mahali pa kitenzi. Neno likiwa katika wakati uliopita, maana yako nayo iwe katika wakati uliopita. Likiwa wingi, iwe wingi.

"Has had its day" ni nahau. Ukiitafsiri neno kwa neno utaandika kwamba punda amepata siku yake, na utadhani ni sifa. Dalili ya maana iko jirani: vijana wanabisha dhidi ya punda, na "Yet" inayofuata inawapinga. Basi maana ni kinyume cha sifa: "is no longer useful".

Ukikwama kabisa tazama vitu vitatu kwa mpangilio huu: sentensi iliyotangulia na inayofuata, kiunganishi kilicho karibu, kisha viungo vya neno lenyewe. Viungo huja mwisho kwa sababu hudanganya. "Fearless" ni asiye na hofu, lakini "priceless" si kitu kisicho na thamani, na "invaluable" ni chenye thamani kubwa mno.

Muhtasari

Hapa kuna alama nyingi katika swali moja, kwa kawaida 3 hadi 5, na hapa ndipo nyingi huanguka. Chukua swali: "In not more than 30 words, summarise the advantages the donkey has over the motorcycle. (4 marks)". Alama nne, hoja nne. Zitafute kwanza, uziandike pembeni kwa ufupi: apita vichochoro na mzigo, hahitaji petroli, arudi nyumbani mwenyewe, angoja bila kulalama. Acha kuchechemea, acha simu, acha mtoto. Ni habari za kweli kwenye kifungu lakini swali halikuziomba.

Andika nakala ya kwanza ukiipa kichwa "Rough copy", hesabu maneno, punguza, kisha andika "Fair copy" na uikate ile ya kwanza kwa mstari mmoja. Mfano wa nakala safi:

"Unlike the motorcycle, the donkey can pass through very narrow streets with a load, uses no fuel, returns home unguided and waits patiently when boats are late."

Ni maneno 27. Ona jinsi "finds its own way home at dusk" lilivyobanwa kuwa "returns home unguided". Ukizidisha kiwango, mtahini husimama kwenye neno la mwisho linaloruhusiwa, na hoja yako ya nne ikiwa imekaa baada ya hapo imepotea. Kwa hiyo usianze na utangulizi kama "According to the passage above, the writer tells us that". Hayo ni maneno kumi bila alama hata moja.

Andika kwa sentensi zilizounganika isipokuwa swali limesema "make notes" au "in note form". Likisema hivyo, kinyume chake kinatawala: ukiandika aya umekosa umbo lililotakiwa, na unakatwa.

Kuandika upya sentensi

Swali la alama moja, lakini ni alama ya ndiyo au hapana. "Some young men argue that the donkey has had its day. (Rewrite beginning: According to...)". Jibu: "According to some young men, the donkey has had its day." Kosa la kawaida ni kubakiza "argue that", kwa vile "according to" tayari imefanya kazi hiyo. Koma baada ya "men" ni sehemu ya jibu, na nukta mwishoni pia. Nakili maneno mengine herufi kwa herufi. Tahajia ikikosewa katika neno lililokuwa mbele yako hakuna utetezi.

Kujaza mapengo kwenye karatasi ya kwanza, 101/1, ni ndugu wa ufahamu: nafasi 10, alama 10. Soma kifungu chote kabla ya kujaza hata pengo moja, jaza neno moja tu kwa kila nafasi, na ujue kwamba mengi ya mapengo hayo hutaka viunganishi, vihusishi na "a" au "the", yale maneno madogo ambayo sisi huyaruka.

Mazoezi ya wiki

Siku tano kwa wiki zatosha: nusu saa kwa siku tatu, na kama saa moja na robo kwa siku mbili. Baina ya alasiri na magharibi ni wakati mzuri kwa asiye na madrasa jioni; mwezi wa Ramadhani, baada ya alfajiri kichwa ni chepesi zaidi. Siku tatu soma makala moja ya gazeti ya maneno kama 600, hasa tahariri au safu ya maoni, kwa kuwa vifungu vya mtihani mara nyingi hujengwa kwa hoja namna hiyo. Gazeti la mwezi uliopita linafaa sawa na la leo. Jipime kwa saa: ukizidi dakika tano, soma bila kutikisa midomo na bila kurudi nyuma kwenye kila neno, hadi ufike maneno 120 kwa dakika au zaidi. Baada ya kusoma andika muhtasari wa maneno 50.

Siku mbili zilizobaki fanya kifungu kimoja cha mtihani uliopita kwa dakika 37 kamili. Kimoja kwa siku, usifanye vitatu. Faida iko kwenye kusahihisha, na kusahihisha kwataka muda sawa na kufanya.

Maneno mapya yasizidi matano kwa siku, na uyaandike pamoja na sentensi nzima ulikoyakuta. Orodha ya neno moja moja na tafsiri yake ndiyo inayozaa makosa ya "afford" na "hardly" tuliyoyaona. Rudi kwayo kesho yake, kisha baada ya wiki.

Mwenye kuishi Amu, yaani mji wa Lamu, ana jambo la ziada la kutumia. Maelezo ya Kiingereza yaliyo kwenye Makumbusho ya Lamu na Ngome ni vifungu vifupi vilivyoandikwa kwa uangalifu, vinavyohusu vitu unavyovijua: siwa, majahazi, milango ya kuchonga. Chagua bango moja, lisome, nenda kando, andika hoja zake kwa Kiingereza chako, kisha rudi ulinganishe. Aliyeko Malindi afanye hivyo kwenye magofu ya Gede. Zoezi hili linafundisha kusema jambo kwa maneno yako mwenyewe haraka kuliko zoezi lolote la darasani tunalolijua, kwa sababu ukishageuza mgongo huwezi kunakili.

Wanaolenga kusoma nje wajue kwamba mtihani wa IELTS Academic una maswali 40 ya kusoma kwa dakika 60, na baadhi yake hukutaka useme kauli ni "True", "False" au "Not Given". Hiyo ya tatu ni kanuni ya dalili imewekwa wazi: ikiwa kifungu hakikusema wala hakikukanusha, jibu ni "Not Given", hata kama wewe unajua ni kweli.

Kusahihisha mwenyewe

Chukua mwongozo wa kusahihisha, na kwa kila alama uliyokosa andika sababu kwa herufi moja: D kama hukuwa na dalili, H kama hoja zilipungua, N kama ulinakili, S kama ni sarufi, M kama ni msamiati. Baada ya vifungu sita utaona herufi mbili zimetawala. Hizo ndizo za kushughulikia. Asiyejua udhaifu wake hurudia mitihani iliyopita ishirini na kubaki pale pale.

Usikariri majibu ya miaka iliyopita. Kifungu hakirudi. Kinachorudi ni aina ya swali, na hilo ndilo la kujifunza.

Dakika nne za mwisho za ufahamu zitumie hivi: hesabu hoja zako dhidi ya alama za kila swali, hesabu tena maneno ya muhtasari, angalia kila jibu la "why" limeanza na sababu, si maelezo ya tukio, soma majibu ya msamiati ndani ya sentensi zake, na hakikisha umekata nakala ya kwanza ya muhtasari. Swali lililobaki wazi liandikie kitu, kwa kurudi kwenye aya uliyoiwekea namba yake, kwani jibu la kubahatisha lililotoka kwenye mstari sahihi mara nyingi huambulia alama moja. Kisha fungua dondoo la kitabu teule.